Trei la mayai, matofali ya LEGO, sleti au mashine ya Perkins: kipi kianze nyumbani kwa mtoto asiyeona?

Mtoto anayeona wa Dar es Salaam hukutana na maandishi kabla hajajua kuwa ni maandishi. Yapo ubavuni mwa daladala, kwenye pindo la kanga ya bibi yake, kwenye mfuko wa unga na juu ya mlango wa kinyozi, na siku atakapoingia darasa la awali macho yake yatakuwa yameshazoeana na herufi kwa miaka mitatu au minne. Mtoto asiyeona wa nyumba hiyohiyo hana alichokutana nacho. Nukta nundu, yaani maandishi ya Braille yanayosomwa kwa kugusa, hazichorwi ukutani, wala hazimo kwenye pakiti ya biskuti iliyonunuliwa dukani kwa Mangi. Asipoandikiwa na mtu, vidole vyake hufika shuleni vikiwa havijawahi kugusa hata herufi moja.

Ulinganisho huu ni wa vifaa vinne, viwili vya kuchezea (trei la mayai na matofali ya LEGO) na viwili vya kuandikia nukta nundu (sleti na mashine ya Perkins), ambavyo mzazi huambiwa avitafute kwa mtoto wa umri wa miaka mitatu hadi kumi, pamoja na simu, ambayo siku hizi hutajwa kabla ya vyote. Nimevipima kwa maswali mawili tu. La kwanza: je, mtoto atakirudia kifaa hicho mwenyewe baada ya mtu mzima kuondoka? La pili: je, kinamsogeza karibu na nukta halisi zilizo kwenye karatasi, au kinamweka mbali nazo huku kikimfurahisha? Bei nimeitaja inapobidi, ila sikuifanya kipimo, kwa sababu kifaa kimojawapo cha bei ndogo kati ya hivi ndicho kilichotufanyia kazi kubwa nyumbani kwa dada yangu, Tandika, na aliyekitumia kwanza hakuwa mtoto.

Kabla ya vifaa, ni lazima tuelewane kuhusu ukubwa, kwa kuwa hapo ndipo wauzaji na wafadhili hupita haraka. Herufi ya nukta nundu hukaa ndani ya seli yenye nafasi sita, safu mbili za nukta tatu tatu: upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta ya 1, ya 2 na ya 3, upande wa kulia ni ya 4, ya 5 na ya 6. Nafasi hizo sita hutoa alama 63 tofauti, nazo zinatosha herufi, tarakimu na vituo vyote vya uandishi. Umbali kati ya nukta na jirani yake ni takriban milimita mbili na nusu, kwa hiyo seli nzima huingia chini ya ncha ya kidole kimoja. Mfaransa Louis Braille, aliyekuwa ameshautengeneza mfumo huu kwa sehemu kubwa akiwa kijana wa miaka 15 mwaka 1824, alianzia kwenye maandishi ya Charles Barbier yenye nukta kumi na mbili, ambayo kidole hakikuweza kuyafunika kwa mguso mmoja. Kupunguza nukta hadi sita ndiko kulikofanya kusoma kwa kidole kuwe kusoma kweli badala ya kupapasa. Chochote kilicho kikubwa kuliko ncha ya kidole, basi, ni daraja la kuvukia, na daraja halijengewi nyumba juu yake.

Trei la mayai na matofali ya LEGO

Trei la kawaida la mayai thelathini lina matundu matano kwa sita, na ukilikata kwa hesabu hutoa vipande vitano vya matundu sita sita, yaani seli tano, bila kubaki hata tundu moja. Kona ya juu ya kulia ya kila kipande ikatwe kidogo, ili mtoto ajue kwa mkono upande gani ni juu. Kisha tia ndimu, au mipira midogo, kwenye matundu: ndimu moja kwenye nafasi ya 1 ni a, ndimu mbili, nafasi ya 1 na ya 2, ni b. Ndimu zina faida zake: mtoto huzinusa, huziviringisha, hugombana nazo, na mchezo ukiisha zinarudi jikoni. Vipande vinne vikipangwa mstari mmoja juu ya jamvi vinatosha kuandika baba, mama, kaka au dada, na kile cha tano hubaki akiba siku kimoja kitakapokaliwa na mtu.

Ubora wa trei ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuliharibu. Hakuna anayemwambia aache, hakuna anayelifungia kabatini. Binti wa dada yangu alilitumia kwanza kama treni, kisha kama kofia, na siku ya nne ndipo aliponiita kuniuliza kwa nini e na i zinafanana. Hazifanani kabisa, lakini alikuwa amegusa jambo linalosumbua wanafunzi wengi: e ni nukta ya 1 na ya 5, i ni nukta ya 2 na ya 4, na moja ni taswira ya nyingine kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Vivyo hivyo d na f, na h na j. Kwenye trei mtoto anaweza kuzipanga mbili hizo bega kwa bega na kuhamisha ndimu kutoka hapa hadi pale mpaka mkono ukubali. Kwenye karatasi hakuna nafasi hiyo.

Trei lina ufundi mwingine ambao mwalimu mmoja alinionyesha na ambao hufuta hofu ya mashine mapema. Ukate kati ya safu mbili kuanzia chini, ukiacha kipande kidogo juu kiwe bawaba, kisha uzifungue safu hizo pembeni kama mtu anayetanua miguu. Nukta zitalala mstari mmoja kwa mpangilio wa 3, 2, 1, halafu 4, 5, 6, na huo ndio mpangilio wa vitufe vya mashine ya Perkins.

Kasoro zake ni wazi. Seli ya trei huhitaji mkono mzima, kwa hiyo haifundishi kidole kusoma. Hufundisha akili mahali pa nukta, jambo ambalo ni nusu ya safari. Na masika ya hapa hayana huruma na karatasi ngumu: ifikapo Aprili trei huwa laini, na kona uliyoikata huwezi tena kuitofautisha na zilizojikunja zenyewe. Hilo si tatizo kubwa, kwa sababu trei jingine liko kwa muuza chipsi.

Matofali ya LEGO Braille Bricks yanafanya kazi ileile kwa namna iliyokamilika zaidi. Wazo lilitoka Brazili na Denmark kwa watu wanaowahudumia wasioona. Tangu 2020 LEGO Foundation imekuwa ikiyagawa bure kwa shule na taasisi za nchi mbalimbali, na mwaka 2023 kifurushi cha matofali 287 kilianza kuuzwa kwa watu binafsi, kwanza kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwa bei ya karibu dola 90 nchini Marekani. Kila tofali lina vinundu vilivyopangwa kama nukta za herufi moja, na chini yake imechapwa herufi hiyohiyo kwa maandishi ya kawaida, ili kaka au dada anayeona aweze kucheza bila kufundishwa kwanza. Sehemu hiyo yenye maandishi haina vinundu, kwa hiyo kidole huijua mara moja kuwa ndiyo chini. Hayalowi, hayaliwi na mende, na yanashikana kwenye ubao wake, hivyo neno alilolijenga mtoto halisambaratiki mdogo wake anapopita mbio.

Kwa familia yenye watoto wengi wanaoona, sifa hiyo ya herufi iliyochapwa ni kubwa, na sitaki kuipunguza. Lakini mzazi ajue anachonunua. Vinundu vya LEGO vimeachana milimita nane kutoka kitovu hadi kitovu, zaidi ya mara tatu ya nukta za karatasini, kwa hiyo kidole bado kinazunguka juu ya herufi badala ya kuifunika. Ni daraja fupi kuliko trei, lakini bado ni daraja. Jambo la pili ni la lugha yetu. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na sentensi ya maneno mawili, kaka analala, inakula a sita kwa mkupuo. Seti iliyopangwa kwa ajili ya Kiingereza haikupangwa kwa hesabu hiyo, na wakati a zinatafutwa chini ya kochi, q na x zinabaki sandukuni hazina kazi. Kwa maoni yangu, matofali haya mahali pake hasa ni darasani, au nyumbani pale yanapoletwa kama zawadi. Familia inayopaswa kuchagua kati yake na rimu kadhaa za karatasi ngumu ichague karatasi.

Mashine ya Perkins na sleti

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, kwa sababu vyote viwili huandika nukta halisi, na kila kimoja kina wapenzi wanaokitetea kama timu ya mpira.

Mashine ya Perkins ilibuniwa na David Abraham katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, na ikaanza kutengenezwa mwaka 1951. Umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, na atakayeizoea moja amezizoea zote. Ina vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha kushuka mstari. Vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja, na herufi hutokea upande uleule wa karatasi unaosomwa, kwa hiyo mtoto akiinua mkono kidogo tu anagusa alichoandika akiwa bado anakikumbuka. Kwa anayeanza, hakuna kitu kinachoshinda hilo. Karatasi yake pana huchukua seli 42 kwa mstari na mistari 25, na kengele hulia mstari unapokaribia kwisha, sauti ambayo watoto huipenda kiasi cha kuandika upuuzi ili waisikie tena.

Upungufu wake uko nje ya karatasi. Ina uzito wa karibu kilo tano, bei yake ni mamia ya dola kabla ya kodi na usafiri, vitufe vyake vinahitaji nguvu ambayo mtoto wa miaka minne hana, na ikiharibika, fundi wake haonekani kila mtaa. Niliwahi kuazima moja ambayo kitufe cha nukta ya 4 kilikuwa kimenasa chini. Kwa kuwa nukta hiyo ilijipachika kwenye kila herufi, b ikawa f na a ikawa c, na mtoto aliyeandika baba kwa uangalifu wote akasoma fcfc. Alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu ilitubidi tuirudishe bila kuitumia, na fundi cherehani niliyempelekea alikataa hata kuifungua. Kwa hiyo mashine ninaiona kuwa kifaa cha shule: pale Uhuru Mchanganyiko, Ilala, kwa mfano, ambako watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona, au katika kitengo chochote chenye mwalimu wa elimu maalumu. Mzazi asiyeweza kuinunua hajamnyima mtoto wake elimu, mradi mtoto anaipata darasani.

Sleti ni vibao viwili vya chuma au plastiki vilivyounganishwa kwa bawaba. Cha juu kina madirisha, cha chini kina vishimo, na karatasi hubanwa katikati. Stailasi ni kijiti chenye kishikio cha mviringo na ncha butu ya chuma ya kubonyezea nukta moja baada ya nyingine. Vyote viwili huingia kwenye mfuko wa shati, havina kelele, havina cha kuharibika, na mtu anaweza kuandika akiwa amesimama kwenye mwendokasi. Shida ni moja, nayo ni kubwa kwa mtoto: nukta huinuka upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha karatasi hugeuzwa ndipo isomwe. Mkono unaoandika e unachora umbo ambalo kidole kinalijua kuwa i. Mtoto ambaye bado anazichanganya hizo mbili, kama tulivyoona kwenye trei, akipewa sleti mapema anapewa sababu ya kuzichanganya milele. Anayefundisha afute maneno kulia na kushoto katika msamiati wake wa sleti, aseme safu ya kwanza na safu ya pili: safu ya kwanza ni ile ambayo mkono unaifikia kwanza, na nukta ya 1 iko juu yake, iwe unaandika au unasoma. Uangalizi wa karibu unahitajika pia kwa ile ncha. Louis Braille mwenyewe alipofuka kwa kujichoma na kifaa cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, akiwa na umri wa miaka mitatu.

Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka mitano, Perkins imeishinda sleti. Hata hivyo sleti ndiyo ninayoshauri inunuliwe kwanza, na apewe mama.

Herufi za Kiswahili ni 24, na mtu mzima anayeona anaweza kujifunza nukta zake kwa macho kwa jioni chache, kwa sababu zina utaratibu: kuanzia k hadi t, q ikihesabiwa, ni herufi kumi za mwanzo zilizoongezewa nukta ya 3. Mama akishazijua, sleti humwezesha kuijaza nyumba maandishi kama mji ulivyojaa maandishi kwa wenzake. Dada yangu aliandika kwenye vipande vya manila na kuvibandika kwa gundi ya karatasi: jina la mtoto kwenye kikombe na kwenye fremu ya kitanda, mlango mlangoni, sukari na chumvi kwenye vifuniko vya makopo. Hakumfundisha mtoto kuvisoma. Mtoto alivipitia kila siku kwa miezi kadhaa kama mtu anayepita chini ya bango, mpaka siku moja, baada ya vyombo kuoshwa na vifuniko kurudishwa ovyo, akasimama mbele ya meza ya chai na kusema, “Mama mdogo, kopo la chumvi leo linasema sukari.” Lilikuwa linasema sukari kweli, na sisi wawili wenye macho tulikuwa tayari na kijiko.

Michezo iliyokuwepo tayari

Mzazi hana haja ya kutafuta michezo ya watoto wasioona madukani kabla hajapekua iliyopo mtaani. Drafti la vijiweni huchezwa kwa vizibo vya soda, upande mmoja vikiwa vimelala na upande wa pili vimefunuliwa, tofauti ambayo kidole huijua papo hapo. Kinachohitajika ni ubao wenye matundu ya kina kidogo ili vizibo visihame vinapopapaswa. Bao halihitaji hata hilo. Lina mashimo 32 na kete 64, kila kitu chake ni cha kuhesabu kwa vidole, na mtoto anayechota kete na kujua idadi kabla hajazimwaga anajenga wepesi uleule atakaouhitaji kwenye mstari wa maandishi.

Karata ndizo zinazounganisha mchezo na kusoma. Pakiti ya karata za plastiki ikipitishwa kwenye sleti, kila karata ikiandikwa namba yake na herufi ya kwanza ya aina yake katika kona mbili zinazokabiliana, mtoto anaweza kuketi na wenzake wakacheza arubasitini kwa haki. Kopa, uru, shupaza na pau huanza na herufi nne tofauti, na kwa 10 unaweza kutumia x, herufi ambayo Kiswahili hakiihitaji. Kwa haki, nimesema. Ila mpinzani mwenye macho mepesi anaweza kusoma vishimo vya nyuma ya karata, kwa hiyo mchezaji ashike zake kifuani. Nukta hizi ni za ukubwa halisi, na mtoto huzisoma kwa hamu ya kushinda.

Simu

Simu ya Android ina TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, sauti ya Kiswahili ipo, na mtoto atakayekua mjini bila kuijua ataachwa nyuma. Kwa hadithi, nyimbo na baadaye ujumbe, sina neno. Ila wanaosema kwamba simu imeondoa haja ya nukta nundu hawajamwambia mtoto asiyeona aandike alichosikia. Watoto wengi wa jiji hili hutamka zahabu na selasini, nao wanaoona husahihishwa na ukurasa unaoonyesha dhahabu na thelathini. Anayesikia tu hasahihishwi na chochote, wala hajui kwamba kati ya ngoma na ng'ombe kuna alama moja ndogo. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wasioona mitihani ya nukta nundu, na kasi ya vidole haitengenezwi mwaka wa mtihani.

Kwa umri, basi, ningepanga hivi. Miaka mitatu hadi mitano, trei la mayai kwa mtoto na sleti kwa mzazi, na maandishi ya ukubwa halisi kila mahali mkono unapofika. Miaka mitano hadi minane, mashine ya Perkins shuleni, karata na hadithi fupi za karatasi nyumbani. Matofali ya LEGO yakipatikana yaje wakati huu, yasipopatikana hakuna kilichopungua. Sleti akabidhiwe mtoto mwenyewe anaposoma e na i bila kusita, na kwa wengi ni miaka minane au tisa. Mtoto mwenye uoni hafifu, anayesoma maandishi makubwa lakini macho yakachoka baada ya ukurasa mmoja, afuate mpango uleule sambamba na vitabu vyake vya maandishi makubwa, baada ya kupimwa na wataalamu wa macho, kwa mfano wa hospitali ya CCBRT, Msasani.

Fedha itakayobaki iende kwenye karatasi. Karatasi ya daftari hutoboka na nukta zake hulala baada ya kusomwa mara mbili. Manila, au karatasi maalumu ya nukta nundu, hustahimili. Kurasa zilizoandikwa zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, kamwe zisirundikwe, kwa kuwa uzito wa zile za juu huzikandamiza nukta za chini, na wakati wa masika ziwekwe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko.